Samli kwenye Bawa la Droni

Ukifika senta ya Ihembe ukauliza saluni ya Speciose, utaelekezwa kwenye mlango wa buluu jirani na mashine ya kukoboa kahawa, na kila atakayekuelekeza ataongeza la kwake. Mmoja atasema Speciose Uwamahoro anasuka vizuri ila mdomo wake unasuka zaidi. Mwingine atakwambia mumewe ndiye Ambrose, yule mpole anayerusha droni kwenye harusi. Wa tatu, hasa akiwa mwanamke, atalalamika kwamba siku moja aliomba kupakwa rangi ya kucha nyekundu akajibiwa imekwisha, na huku chupa anaiona pale rafuni. Hakudanganywa sana. Ile iliyobaki ilikuwa ya propela.

Watu hucheka, lakini Speciose hana cha kucheka hapo. Yeye ndiye anayesawazisha propela za droni ya mumewe, na kazi hiyo huifanya nyumbani, mchana, kwenye meza ya mama yake, mlango umefungwa ili upepo usiingie. Vifaa vyake ukiviona utadhani anajiandaa kushona na kunywa chai. Ana glasi mbili za kimo kimoja na shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia ya kahawa. Shazia analivika kipande cha mrija wa peni ili lienee kwenye tundu la propela, kisha analilaza juu ya midomo ya glasi, propela ikining'inia katikati. Hapo anaondoa mkono na kubana pumzi. Propela yenye bawa zito haina siri, itageuka yenyewe mpaka bawa hilo lielekee chini. Basi anachukua rangi ya kucha, anadondosha tone kwenye shina la bawa jepesi, anasubiri likauke, anajaribu tena. Anarudia na kurudia mpaka propela itulie popote inapoachwa, juu, chini au ubavu.

"Imekubali," husema, hata kama yuko peke yake chumbani.

Hakufundishwa na mtu. Droni waliinunua kwa mpiga picha mmoja wa Kayanga aliyekuwa anaacha kazi, na kumbe aliiacha kwa sababu. Picha zake zilitetemeka kama vitu vinavyoonekana nyuma ya mvuke wa sufuria. Bibi harusi wa kwanza waliyempiga picha, kule Songambele, alitoka na kiuno kinachocheza wakati amesimama wima mbele ya padri. Ambrose alitaka kuiuza siku ileile. Yeye ni mtu wa Muleba, mtaratibu, anayekata tamaa bila kelele. Speciose akamwambia asubiri. Akatafuta kwenye simu, akapata video ya mtu anayesawazisha propela huku akieleza kwa lugha ambayo hakuelewa hata neno moja. Akazima sauti, akatazama mikono tu. Mtu aliyesuka nywele tangu usichana hahitaji maneno ili kuelewa mikono ya mwenzake.

Tangu hapo droni ikawa inakula mezani kwao, na wao wakawa wanakula kwake.

Nyumbani ninaposema hapa ni kwa mama yake, Uwiduhaye. Ambrose anaishi ukweni, na wanaume wa senta humtania kwa hilo mpaka wanachoka wenyewe, kwa kuwa hajibu. Speciose ni mtoto pekee na mama amezeeka, hakuna zaidi ya hapo. Shamba lenyewe si kubwa. Lina migomba, mibuni, maharage chini yake, na ng'ombe mmoja ambaye Uwiduhaye humsalimu asubuhi kabla hajamsalimu mkwewe.

Shamba hilo lilitoka kwa jirani. Baba yake Speciose, marehemu Niyomugabo, alivuka kutoka Rwanda akiwa kijana, akaja kuchuma kahawa ya watu. Mmoja wa watu hao alikuwa Elipidius, kijana mwenzake, Mnyambo wa hapahapa, aliyekuwa ameachiwa ardhi pana na wazazi. Msimu ukaisha, Niyomugabo akafunga kifurushi aondoke, Elipidius akamuuliza anakwenda wapi. Hakuwa na jibu. Ndipo Elipidius akamkatia kipande cha shamba. Wakavuta kamba wawili, mmoja huku mmoja kule, na kando ya kamba wakapanda milamula, ile miti myembamba yenye vishungi vya majani kichwani ambayo huku ndiyo mipaka yetu. Hakuna aliyeandika kitu. Elipidius alichukua tunda moja la kahawa, akalipasua, zikatoka punje mbili kama zilivyo siku zote. Moja akala yeye, moja akampa mwenzake. Kwa watu wa rika lao hilo lilitosha kuwa undugu na hati, na anayedhani halikutosha hakuwajua watu wale.

Speciose alipozaliwa, Elipidius ndiye aliyesimama kanisani kuwa baba yake wa ubatizo. Mpaka leo humwita Tata, yaani baba. Na kila alipokwenda kwake, hata ikiwa ni kuazima jembe tu, alipokewa kama wageni wote wa heshima wanavyopokewa huku. Kikapu kidogo cha ukindu kilishushwa kwenye msumari wake ukutani, akawekewa kiganjani kahawa kavu ya kutafuna. Alikua akidhani kila nyumba duniani ina kikapu hicho.

Niyomugabo alipofariki walimzika kwenye migomba, karibu na milamula, pale alipopenda kupumzika jembe likiwa begani. Mzee Elipidius alichagua mahali kwa fimbo yake mwenyewe.

Sasa, mzee huyu ana mtoto wa kiume aitwaye Cassian, mfanyabiashara wa Bukoba. Si mtu mbaya, nalisema mapema maana najua utakavyomwona muda si mrefu. Ana haraka tu, na ana simu kubwa. Mwaka huu Cassian alimaliza kujenga nyumba ya matofali kwenye kiwanja cha baba yake, ukuta mrefu kwa mbele, fundi aliletwa kutoka mjini. Ule ukuta aliusifu kuliko alivyowahi kumsifu mkewe. "Weka jicho huku," alikuwa akiwaambia wageni, akiwainamisha kwenye kona, "tazama mpaka kule. Umeona mpindo hata wa unywele?" Wageni walikiri hawajaona.

Padri alikuja kuibariki nyumba, na Cassian akawaita Ambrose na Speciose kupiga picha. Nyumba yenyewe na ibada vilipigwa kwa kamera ya mkononi, kwa kuwa padri hakutaka mdudu anayelia juu ya altare. Droni ikarushwa baadaye, juu ya mashamba, ili ndugu walio mbali waone kijani cha kwao. Ilikuwa siku nzuri. Watu walikula, rubisi ikanyweka, na mzee Elipidius akacheza hatua chache akiwa ameshikilia fimbo.

Siku chache baadaye Cassian, akiwa Bukoba, aliitazama video ile kwa utulivu. Ilipofika juu ya mpaka akaisimamisha. Na hapo, kwenye kioo cha simu yake kubwa, safu ya milamula haikuwa imenyooka. Ilianza vizuri, halafu katikati ikavimba kama tumbo, tumbo lenyewe limeingia upande wa baba yake. Ndani ya tumbo hilo kulikuwa na kaburi la Niyomugabo.

Alituma picha ile kwenye kundi la ukoo. Chini yake aliandika kwamba mwaka aliozikwa mzee yule yeye hakuwepo, na sasa anaelewa watu walipataje nafasi ya kuzikia. Kisha akampigia Speciose simu, akamkuta anamsuka mteja.

"Dada, sitaki ugomvi," alisema. "Nikija nitamwita mwenyekiti wa kitongoji. Ile milamula ya katikati tutaing'oa, tuirudishe kwenye mstari."

"Na baba?"

"Kaburi litabaki lilipo. Litakuwa upande wetu tu."

Speciose alisimama na kitana mkononi mpaka mteja akageuka kumtazama. Kilichomuuma si maneno ya Cassian peke yake. Picha ile aliipiga mumewe, kwa droni aliyoiandaa yeye. Na kwa jinsi ilivyoonekana, hata yeye angeamini. Kupima kwa kamba kama zamani kusingewezekana. Enzi zile pori lilikuwa limefyekwa, leo migomba na mibuni imejaa, ukisimama kwenye mlamula wa kwanza huuoni wa tatu.

Jioni ile alikwenda kwa mzee. Alimkuta barazani akigeuza kahawa iliyoanikwa kwenye majamvi.

"Shikamoo, Tata."

"Marahaba."

Alingoja. Kwa kawaida hapo mzee angesema "waitu, karibu," angemuuliza mama, ng'ombe, mvua. Mzee aliendelea kugeuza kahawa kwa mguu, taratibu, mstari baada ya mstari. Speciose alieleza kwamba hajui kilichotokea, kwamba baba yake hakuwa mtu wa kuhamisha mpaka, na Tata ndiye shahidi wa hilo kuliko mtu yeyote.

"Nilionyeshwa picha," alisema mzee. "Macho yangu hayaoni vizuri, lakini lile tumbo nililiona."

Kupitia mlango uliokuwa wazi Speciose alikiona kikapu kimening'inia kwenye msumari wake. Hakuna aliyekishusha. Alikaa kidogo zaidi ya ilivyostahili, kama mtu anayengoja chenji dukani, kisha akaaga. Njiani alilia, na hakujificha, maana hakukuwa na mtu wa kujifichia isipokuwa migomba.

Kesho yake hakufungua saluni. Alifunga mlango wa sebuleni, akapanga glasi, akatoa propela zilizorushwa siku ile ya baraka. Alizisawazisha mwenyewe, mchana wa siku mbili kabla, na zote zilikubali. Siku yenyewe walichelewa, Ambrose akazifunga bila kuzipima tena. Ya kwanza aliyoilaza juu ya glasi ilitulia. Ya pili ikatulia. Ya tatu haikungoja hata aondoe mkono vizuri. Ilianguka bawa moja chini, tena kwa kishindo kidogo, kama mtu aliyechoka.

Aliichukua akaitazama dirishani. Bawa lile lilikuwa limeshika vumbi jekundu, limekaa kama ngozi, na jingine lilikuwa safi. Akaligusa. Lilikuwa linateleza. Akalinusa, na hata kabla hajajua anachofikiri, miguu ilikuwa inampeleka jikoni.

"Mama, umeipaka nini hii?"

Uwiduhaye alikuwa ameketi kwenye kigoda, akifukiza kibuyu cha maziwa kwa majani yake, kazi aliyoifanya maisha yake yote. Kando yake kulikuwa na kijungu cha samli. Aliitazama ile propela, halafu akamtazama binti yake bila wasiwasi wowote.

"Samli, mwana wanjye. Samli nzuri, si ile ya juzi."

"Kwa nini, mama?"

"Kwa nini?" Swali lenyewe lilimshangaza. "Kibuyu kinachotulisha nakipaka. Ule mchi wa mama yangu naupaka. Hiki nacho kinatulisha, na nikakiona kimelala mezani kikavu kabisa, kama hakina mwenyewe. Ilikuwa siku ya nyumba ya Elipidius. Nikasema, kisiende kwa watu kikiwa kikavu."

"Mbona umepaka upande mmoja?"

"Upande mwingine nilikuwa nimeshikia. Nikasema nitageuza, ng'ombe akaita."

Hapo ndipo tumbo la milamula lilipotoka. Samli upande mmoja, vumbi la uwanja likanata juu yake, bawa likawa zito, droni ikatetemeka angani, na kamera inayotetemeka hupinda kila kilichonyooka. Speciose alitaka kukasirika, na alikuwa na haki. Badala yake aliketi chini kwenye nyasi zilizotandikwa, kichwa kikaegemea goti la mama yake. Mama aliposikia yote, kuhusu picha, kaburi, na kikapu ambacho hakikushushwa, aliweka kibuyu pembeni.

"Nitakwenda kusema ni mimi," alisema.

"Si wewe. Kupima ni kazi yangu. Sikupima."

Ambrose aliporudi akaonyeshwa. Siku ile droni ilipotikisika yeye alisema ni upepo, na Speciose alimkumbusha hilo mara kadhaa kabla ya chakula na mara moja baada yake.

Cassian alikuja mwisho wa juma. Walimwendea wote watatu, mama akiwa amevaa mshanana wake wa sherehe na ameshika kijungu mkononi. Mzee Elipidius alikuwa barazani pale pale. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa bado hajafika, na Speciose alishukuru kwa hilo. Alieleza yote akiwa amesimama. Alisema kosa ni lake, hakupima propela siku ya kazi, na anaomba warushe tena leo wote wakiona.

Cassian alisikiliza mpaka mwisho. Hilo nampa.

"Dada," alisema, "picha ya kwanza ilikuwa yako. Ya pili nayo itakuwa yako. Ikitoka imenyooka nitajuaje kwamba hukuinyoosha? Wewe ndiye unayejua hizo dawa zake."

Hakuwa na ubaya aliposema, na ndiyo maana ilikuwa vigumu kumjibu. Macho ya Speciose yalitangatanga uwanjani, yakapita juu ya jamvi la kahawa, yakafika kwenye ukuta mpya.

"Ule ukuta wako," alisema taratibu, "umenyooka?"

"Ukuta gani? Huo?" Cassian alikasirika kweli kweli kwa mara ya kwanza. "Njoo uweke jicho hapa!"

"Nakuamini. Sisi sote tunakuamini. Basi tuanze na huo. Mama ataipaka propela kama alivyoipaka siku ile, Ambrose atarusha, na wewe utashika simu. Kisha tutaifuta, nitaisawazisha hapa mbele yako, tutarusha tena juu ya ukuta uleule. Ukishaona mwenyewe picha ipi inasema kweli kuhusu ukuta wako, ndipo twende kwenye milamula."

Cassian alimtazama baba yake. Mzee akatikisa kichwa kukubali.

Uwiduhaye aliketi kwenye mkeka, akafungua kijungu. Alishika propela kwa bawa moja, akachovya kidole, akaanza kupaka jingine polepole, kwa upendo uleule, akifuata ukingo mpaka nchani. Alipomaliza akainyunyizia vumbi la uwanjani kwa vidole viwili. Ilikuwa kama kumtazama mtu akimwandaa mtoto kwenda kanisani.

Droni ikapanda. Hata sauti yake ilikuwa na kitu kinachoguna ndani. Cassian aliishika simu karibu na uso, baba yake akasogea begani. Picha ikaingia, paa likaonekana, kisha ukuta. Cassian akaisimamisha.

"Mungu wangu," alisema.

Ukuta wake ulikuwa umepinda kama ndizi. Si ndizi changa, ndizi ya mkungu uliokomaa. Mlango wa mbele ulikuwa umeegama kama mlevi kwenye nguzo. Mzee Elipidius aliinamia kioo kwa muda mrefu, mabega yakaanza kumtikisika, na wote walipogundua kwamba anacheka, kicheko kikawashika. Uwiduhaye alicheka akijifuta machozi kwa mkono wenye samli. Cassian alijizuia kadiri alivyoweza, halafu naye akashindwa.

"Fundi wa mjini!" alisema mzee, akikohoa. "Fundi wa mjini kakujengea ndizi!"

Droni ikatua. Speciose aliifuta propela kwa kitambaa na sabuni, akakausha, akaomba glasi mbili. Aliingia nazo chumbani kwa mzee, pasipo upepo, na Cassian akamfuata. Akavika shazia. Aliliacha bawa lishuke kidogo, kwa kuwa hata ikiwa safi ilibaki na ule uzito wake wa kiwandani, na tone lake la zamani lilikuwa limebanduka kwa kusuguliwa. Akafungua rangi ya kucha, akamkabidhi Cassian brashi.

"Hapa, kwenye shina. Kidogo tu. Kidogo zaidi ya hapo."

Mfanyabiashara wa Bukoba aliinama, ulimi umetoka pembeni ya mdomo, akaweka tone. Wakangoja likauke. Aliisukuma kwa kidole, propela ikazunguka, ikapungua, ikasimama imelala sawasawa. Akaisukuma tena, ikasimama wima. Akaisukuma mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Imekubali," alisema Speciose.

"Imekubali," alisema Cassian, kama mtu anayejifunza jibu la misa.

Mara hii droni ilipanda bila kuguna, na ukuta ukaja kwenye simu umenyooka kama alivyousifu. Hakuusifu tena. "Haya," alisema kwa sauti ndogo. "Milamula."

Hapa lazima niseme kitu ambacho Speciose hakumwambia mtu mpaka baadaye sana. Aliogopa. Alijua kwamba picha ya kwanza ilikuwa mbaya, lakini hakujua nzuri itasema nini. Hakuwahi kuuona mpaka ule kutoka juu. Alikuwa akimwamini baba yake, na kumwamini mtu si sawa na kumwona. Kama tumbo lingekuwepo, angekuwa amelithibitisha kwa mikono yake mwenyewe. Ambrose alimtazama kabla ya kuigeuza droni, akimwuliza kwa macho. Speciose alimtazama mama yake.

"Irushe," alisema Uwiduhaye.

Vishungi vya milamula vilitokeza katikati ya migomba, kimoja, kingine, kingine, vya kijani kilichoiva. Safu ilikwenda. Ilipita kwenye kaburi na haikuvimba hata kidogo. Kaburi lilikuwa upande wa Niyomugabo, kwa staha, na nafasi ikabaki. Speciose aliachia pumzi, kisha akaibana tena. Mbele kidogo, kule bondeni ambako picha ya Cassian haikufika, safu ilipinda. Ilikuwa imejikunja kweli, kama mkono unaozunguka sufuria, halafu ikarudi kwenye mstari wake. Ila kujikunja kwenyewe kulikuwa upande wa pili. Kuliingia kwao, kwenye shamba la Niyomugabo.

"Hii nayo ni samli?" aliuliza Cassian.

Mzee alikuwa ameinyakua simu kutoka mkononi mwa mwanawe na kuisogeza mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

"Kichuguu," alisema.

"Kipi, Tata?"

"Palikuwa na kichuguu. Kamba ilipita katikati yake. Mimi nikaleta jembe nikibomoe, Niyomugabo akanishika mkono. Akasema, ukikibomoa, nani atakula kumbikumbi? Akaizungusha kamba upande wake. Nikamwambia unapoteza ardhi, waitu, ndiyo kwanza nimekupa. Akasema kumbikumbi tutakula wote. Na tulikula. Kila mvua za kwanza tulikaa pale na vikapu. Kichuguu kimekufa siku nyingi. Nilikuwa nimesahau."

Alimrudishia Cassian simu yake bila kumtazama, akainuka. Ilimchukua muda, na Ambrose alipotaka kumsaidia aliukataa mkono. Aliingia ndani. Walisikia msumari ukikwaruza ukuta.

Alitoka na kikapu. Speciose alikinga kiganja mapema mno, kama mtoto, na hakuona haya. Lakini mzee hakuchukua kahawa ya kutafuna iliyochemshwa na kukaushwa kwa ajili ya wageni. Alikwenda mpaka kwenye mbuni ulio karibu na baraza, akapapasa, akachuma tunda moja jekundu. Akalipasua kwa ukucha wa dole gumba, zikatoka punje mbili, zimeshikana kifua kwa kifua.

Uwiduhaye alielewa kabla ya wengine. Alijifunika mdomo.

"Mimi yangu niliila na Niyomugabo," alisema mzee. "Ile imetosha kwangu."

Punje moja aliiweka kiganjani mwa Speciose. Nyingine akampa Cassian, akamkunja vidole juu yake, akaishikilia ngumi ile ya mwanawe kwa mikono yake yote miwili, mpaka Cassian akainamisha kichwa. Mwenyekiti wa kitongoji alifika wakati huohuo, kamba begani, akiuliza wanaanzia wapi kung'oa. Wa kumjibu walikuwa Speciose na Cassian, na wote wawili walikuwa wanatafuna.